Saa ya babu imepotea: anzia kwenye pini, siyo kabatini

Swali kwa kifupi: Seiko 5 ya marehemu babu, mkanda wa chuma, ilivaliwa na mjukuu ukoo ulipokusanyika Kibosho kwa Krismasi. Siku hiyo alikata majani ya ng'ombe, akashuka Moshi mjini kwa Hiace, akarudi, na jioni mkono ukaonekana mtupu. Nyumba imepekuliwa mpaka chini ya magodoro na sasa macho yote yapo kwa dada wa kazi.

Dada wa kazi mwacheni. Achilia mbali haki yake, hata kwa hesabu ya kutafuta tu hamfaidiki: aliyeiokota akisikia anaitwa mwizi, njia nyepesi inayombakia ni kuitumbukiza chooni. Na kabati nalo liacheni. Saa iliyokuwa mkononi imeanguka pale pini au kibanio kilipoachia, kwa hiyo kinachotafutwa kwanza ni tukio, yaani mkono ulikuwa unafanya nini.

Mkanda wa chuma huachia kwa namna mbili, na kila moja ina mahali pake pa kutafutia. Ya kwanza ni pini za springi zinazoshika mkanda kwenye masikio ya saa. Jasho linaingia, springi inakula kutu, ncha inaisha, siku moja inachomoka upande mmoja. Saa haidondoki palepale. Inaning'inia, kisha inateleza kwa uzito wa kichwa cha saa, na mwenye shati la mikono mirefu au koti hasikii kitu. Basi anza na nguo: geuza mikono ya koti nje, papasa bitana, mimina mifuko, kagua pindo za suruali na ndani ya gambuti. Ya pili ni kibanio cha kukunja kilicholegea. Hapo mkanda mzima unafunguka na saa inavuka kiganja wakati mkono unachomolewa kwenye kitu: gunia, ndoo, mzigo wa majani, mkono wa koti, nafasi kati ya viti vya gari. Kijana aulizwe alichomoa mkono wapi. Swali la "ulikuwa wapi" huleta orodha ya kijiji kizima. Mkipata pini peke yake au kipande cha mkanda, simameni hapo, maana kichwa hakiko mbali.

Majani ndiyo ninayoyashuku zaidi. Saa iliyoangukia kwenye majani yaliyokatwa haibaki shambani: inafungwa kwenye mzigo, inabebwa kichwani, inamwagwa horini, ng'ombe anaisukuma kwa pua, inaingia kwenye matandiko ya zizi na kesho yake inazolewa na samadi. Fuateni njia hiyo kinyumenyume. Samadi ya wiki hiyo isisambazwe migombani. Ikaushwe kidogo, ipitishwe kwenye chekeche la mchanga la mafundi ujenzi, koleo moja baada ya jingine. Horini tumieni mikono, siyo uma. Kihambani kwenyewe, yaani shamba la nyumbani, gaweni eneo kwa kamba, vipande vya upana wa mita moja, watu wawili wapite kila kipande wakitokea pande tofauti. Jembe na reki hapana, kioo kitakwenda. Usiku ni bora kuliko mchana: laza tochi chini kabisa ili mwanga utambae juu ya ardhi, chuma na kioo vitamulika hata chini ya jani kavu la mgomba.

Kama siku mbili hazijapita, sikilizeni pia. Seiko 5 ya otomatiki iliyovaliwa kutwa hutembea takriban saa 40 bila kutikiswa, na mashine zake nyingi (6119, 7009, 7S26) hupiga mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde. Usiku redio na feni vikizimwa, sikio likiwekwa karibu na kochi au shimo la kiti cha gari, mlio huo unasikika.

Sumaku msitumie. Chuma cha pua cha bodi ya saa kwa kawaida hakivutwi vya kutosha, dhahabu na shaba ndiyo kabisa, lakini ule uzi mwembamba wa mizani ndani ya mashine unaweza kushika usumaku na saa ikaanza kukimbia. Mkiazima kifaa cha kutambua metali, jueni kwamba udongo wetu wa volkano, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro mpaka Meru, una chembechembe nyingi za madini ya chuma na utakifanya kilie kila mahali. Kinachoweza kurekebishwa kulingana na ardhi kitasaidia. Kile cha mkononi cha walinzi wa mageti kinafaa kwa karibu tu: makochi, matandiko, lundo la majani.

Mfereji kama aliuvuka, ombeni wenye zamu wafunge maji juu kwa saa moja. Saa ya chuma yenye mkanda ni nzito, haisafiri mbali. Inakaa nyuma ya jiwe, upande wa ndani wa kona, au pale maji yanapopoa chini ya kivuko cha magogo. Chota tope la hapo kwa beseni, lichekecheni.

Upande wa Hiace, nendeni stendi muulize gari lililokuwa na zamu ya saa zile, na msiishie kwa konda. Mwoneni anayeosha gari jioni. Reli za viti ndizo zinazomeza saa. Kiti kisukumwe mbele na nyuma, mkono upite chini.

Wakati wengine wanachekecha, mmoja akae na karatasi akusanye utambulisho, maana bila huo hata mkiiona kwenye meza ya fundi mtashindwa kusema ni yenu. Nyuma ya Seiko kuna namba mbili. Ile yenye kistari katikati, mfano inayoanza na 7009, ni ya mashine na bodi. Nyingine ndiyo ya saa yenyewe: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. 8N ni Novemba ya 1968, 1978 au 1988, na namba ya mashine ndiyo inayoamua muongo. Zitafuteni kwenye kadi ya dhamana, boksi, au daftari la fundi aliyewahi kuifungua. Kama hazipo popote, picha za babu zitasaidia: dirisha la siku na tarehe, umbo la bodi, mahali kitufe cha kutilia majira kilipo. Mwulizeni bibi dirisha la siku lilikuwa na lugha gani ya pili zaidi ya Kiingereza. Nyingi zilikuja na Kiarabu na mtu huikumbuka kwa sababu kila akirekebisha siku ilikuwa inampitia. Zilizotolewa kama zawadi ya kustaafu mara nyingi huchorwa jina na mwaka mgongoni. Na ndani ya mfuniko mafundi wengi hukwaruza tarehe na herufi zao kwa ncha ya sindano. Alama hiyo mwizi haijui na muuzaji haifuti.

Kisha tangazeni, kwa mpangilio. Parokia Jumapili, jumuiya, mwenyekiti wa kitongoji, Redio Sauti ya Injili kwa walioko mjini. Semeni Seiko ya mkanda wa chuma, rangi ya uso, siku na njia. Namba na ile lugha ya pili msiseme. Hizo ni za kumpima atakayepiga simu. Tajeni zawadi inayozidi anayolipa fundi kwa saa mbovu ya vipuri, na msiandike kwamba ni ya thamani kubwa. Tangazo lina kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 258, humlinda aliyejitwalia kitu alichookota ikiwa hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Kikishatangazwa kanisani mara mbili, kusema hivyo kunakuwa kugumu. Polisi chukueni taarifa ya upotevu mapema; RB ya wizi ifunguliwe kama kuna dalili ya wizi, siyo hasira.

Atakayepiga simu na kudai atumiwe kwanza nauli, ni wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwambieni apige picha ya mgongo wa saa ikiwa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo. Fedha inatoka saa ikiwa mkononi.

Mafundi saa watembeleeni ndani ya wiki ya kwanza. Mjini Moshi zungukeni maeneo ya stendi, Mbuyuni na Memorial, kisha Kiboriloni. Kama kuna mgeni aliyeondoka kuelekea Arusha, nendeni Kilombero na meza za karibu na Soko Kuu. Haraka ni kwa sababu ya vipuri: saa nzee ikishafunguliwa, uso unaenda huku, mashine kule. Ingekuwa ya dhahabu ningewatuma kwa masonara kabla ya mafundi, kwani yenye muhuri wa 750 au 585 huyeyushwa. Mkiiona, msipige kelele, huenda fundi kainunua kwa nia njema. Mwombeni aifungue, angalieni mikwaruzo ya ndani. Someni pia maandishi madogo chini ya namba sita kwenye uso: namba ya mashine pale inatakiwa kufanana na ya mgongoni. Zikipishana, uso umebadilishwa. Na kama ya babu ilikuwa 6119, tarehe yake hubadilishwa kwa kusukuma kitufe ndani, siyo kukivuta.

Ikipatikana imesimama, msiitikise kwanza. Pigeni picha. Ikisoma tarehe 27, saa tisa, rudisheni nyuma saa 40: iwe alfajiri au alasiri, mara ya mwisho kutikiswa ilikuwa tarehe 25, kwa hiyo ililala pale ilipoanguka. Ikisoma tarehe za mbele zaidi, kuna mkono uliivaa.

Yenye ukungu ndani ya kioo isiwekwe kwenye mchele wala juani. Mchele hauvuti maji yaliyo nyuma ya mpira wa mfuniko, na jua huyageuza mvuke unaopanda kwenye mishale na uso. Ifike kwa fundi siku hiyohiyo, ifunguliwe, ikaushwe, mashine ivuliwe na ipakwe mafuta upya. Kutu kwenye vyuma vidogo haingoji wiki. Hapohapo iwekewe pini mbili mpya, zote mbili, baada ya kupima nafasi kati ya masikio. Seiko 5 nyingi za zamani ni milimita 18 au 19, na pini ya 18 kwenye nafasi ya 19 inashika mezani kwa fundi na kuachia barabarani.