Manka, kuhusu lile swali lako la Kiingereza

Mama, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Ile voice note ya Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu, mara ya pili nilikuwa na mama yako, akakaa kimya kidogo halafu akasema mjibu mtoto vizuri, usimjibu haraka haraka kama kawaida yako. Ndo maana naandika, manake nikirekodi nitaanza kucheka na huyu jogoo hapa nje atachangia.

Umeuliza hivi, baba wewe uliishia la saba, uliwezaje kuongea na wazungu mlima mzima bila kutetemeka, na mimi mwenye digrii nikiingia kwenye kikao cha Zoom nakuwa bubu? Ukasimulia na ile ya wiki iliyopita, walipouliza pampu ya kile kisima imekufa kwa nini, wewe ulikuwa unajua kabisa, manake ulifika kijijini ukaishika kwa mikono yako, ukawa unaipanga sentensi kichwani, unaipanga unaipanga, ulipomaliza kumbe mwenzako wa Nairobi kashajibu, tena kajibu sivyo, na wewe ukanyamaza hivyo hivyo.

Hilo la bila kutetemeka nani kakwambia? Nilitetemeka sana mwanangu. Mlimani Kilimanjaro nilianza 1991 nikiwa mgumu, ndo wapagazi tunavyojiita hadi leo, na miaka ile hamna cha mzani getini wa kukwambia mwisho kilo 20, unabeba ulichopewa. Kiingereza changu chote kilikuwa "good morning teacher" na "thank you", basi. Mgeni akinisogelea najifanya nafunga kamba za viatu. Kuna siku nilifunga kamba mara nne kutoka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, mpaka Horombo, cha pili, mzee mmoja guide akaniambia dogo kama viatu vimekushinda nenda peku.

Sasa nikusimulie siku niliyoanza kujifunza kweli. Nilishapanda kuwa guide msaidizi, tunatoka Horombo kwenda Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kileleni, tuko kwenye ule uwanda mkavu katikati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, juu ya mita 4,000, baridi na upepo. Kijana mmoja Mwingereza akasimama, uso umebadilika rangi, akaniambia "I'm going to throw up." Mimi "throw" naijua, kutupa. "Up" naijua, juu. Nikamwangalia mkononi, ana fimbo ya kutembelea. Nikajua huyu hasira za mlima zimempanda, anataka kurusha fimbo, nikasogea karibu yake ili akiirusha isinipate usoni. Akainama, akatapika yote kwenye viatu vyangu. Viatu vyenyewe nilipewa na mgeni mwezi ule ule, sijamaliza hata wiki mbili navyo.

Usiku ule pale Kibo nikatoa kidaftari, nikaandika kwa penseli, sababu kalamu ya wino kule juu inagoma kwa baridi: "I'm going to throw up. Anataka kutapika. Kaa mbali." Mama yako anacho hicho kidaftari mpaka leo kwenye sanduku, siku ukija atakuonyesha.

Kabla ya hapo nilikuwa naandika neno moja moja. Nilinunua kamusi ya mtumba Moshi mjini, nikawa naokota neno, naandika maana yake, nakariri kama mtoto wa madrasa. Kutapika kamusi inasema "vomit", na ni sahihi kabisa, ila miaka yangu yote mlimani mgeni aliyeniambia vomit ni daktari mmoja tu. Kushuka inasema "descend", basi na mimi nikawa nawaambia wageni "now we descend", wanacheka, wao wenyewe wanasema "go down". Toka siku ya viatu nikaacha. Nikawa naandika sentensi nzima kama ilivyotoka mdomoni mwa mtu, na pembeni naandika aliisema wapi na alikuwa anafanya nini. Neno peke yake linateleza bana, likiwa na mwenyewe na mahali pake linakaa.

Na sikuwa na haraka. Njia yetu ya Marangu ni siku tano kupanda na kushuka, nikajiwekea sentensi tano, moja kwa siku, sizidishi. Nikajiapia sentensi haihesabiki ni yangu mpaka niiseme kwa watu watatu tofauti. Ilikuwa inaniletea vituko, manake kuna safari nilijifunza "watch your step" nikawa namwambia kila mtu mpaka mpishi jikoni. Safari inayofuata, kabla hatujafika Mandara, najiuliza zile za safari iliyopita huku natembea mbele ya mgeni, nikiisahau naipiga alama. Yenye alama nyingi ndo naianza nayo asubuhi.

Sasa wewe tatizo lako silo hilo, wewe maneno unayo mengi kuliko mimi. Toka form one mpaka chuo umesoma kila kitu kwa Kiingereza, umeandika na ripoti. Ila maneno yako yamepita kwenye macho na kwenye kalamu, mdomo haujayaonja. Uliongea saa ngapi? Darasani mwalimu anaongea, nyie mnanakili, mkitoka nje ni Kiswahili na Kichaga, na anayethubutu kumwaga ung'eng'e kwenye foleni ya ugali akichapia kidogo anapewa jina mpaka anamaliza form four. Nakumbuka ulirudi likizo ya form two unalia sababu ulisema "I am agree" na darasa zima likakuita Agrii mpaka mwezi unaisha. Nadhani hiyo Agrii ndo imekaa na wewe kwenye Zoom.

Na hao wenzako wa Nairobi usiwaogope kwa kitu ambacho siyo akili. Wao wamefundishwa masomo karibu yote kwa Kiingereza toka darasa la nne, nyie mmesoma kwa Kiswahili mpaka la saba, halafu form one mnapewa zile wiki chache za baseline, kozi ya kuwazoesha Kiingereza, mara bailojia hiyo imefika. Wametangulia kuzoesha mdomo tu. Wewe kawaambie waseme Kiswahili sanifu uone.

Pampu ilikufa na nini? Uliniambia mwenyewe, mchanga umeingia, washa, ile pete ya kuzibia, imeisha. Basi sema hivyo hivyo. "There is sand in the pump. The washer is finished. We need a new one." Sentensi tatu za mtoto wa la tano, na kila mtu kwenye kile kikao angeelewa na washa ingeagizwa siku ile ile. Wewe ulikuwa unatafuta sentensi ya ripoti, yenye "due to" na "which resulted in", ndo maana mwenzako kakuwahi. Ukiongea ongea kifupi, urefu uache kwenye kalamu.

Sasa na hili la kukosa neno. Kuna mwaka mama mmoja Mjapani alizidiwa usiku, mapafu yanakoroma, lazima ashushwe sasa hivi, na mimi natakiwa nimweleze mume wake kwamba tunamleta kwenye machela. Machela kwa Kiingereza sina. Kichwa cheupe. Ukikaa kimya kuitafuta "stretcher" mtu anakufa, kwa hiyo nikamwambia "we bring bed, bed with one wheel, we run down." Si unakijua kile kitanda cha chuma chenye tairi moja? Akaelewa hapo hapo, tena yeye mwenyewe akaenda kukunja begi la mke wake. Walifika Horombo yule mama anapumua vizuri, asubuhi anakunywa uji. Neno "stretcher" nimelijua baada ya wiki mbili. Kwa hiyo neno likikukimbia lizunguke, sema ni kitu cha kufanyia nini, kinafanana na nini, mwenye kujua atakutajia mwenyewe na utakuwa umepata neno jipya bure.

Huyo mume wake nikwambie, alikuwa profesa, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, wala hana habari. Anasema "yesterday I go", anaendelea. Hapo ndo nilifunguka macho, manake sisi tulikuwa tunadhani mzungu au mgeni yeyote lazima Kiingereza kimetoka naye tumboni. Wajerumani, Wakorea, Waspanyola, nusu ya niliowapandisha walikijifunza ukubwani kama mimi, na sijawahi kumwona hata mmoja akifunga kamba za viatu. Hao wafadhili wako Waholanzi si ndo hivyo hivyo? Kwao wanaongea Kiholanzi na mama zao.

Makosa utafanya tu, mengine hata siyo ya sarufi, ni vile sisi tunawaza kwa Kiswahili halafu tunabadilisha nguo. Mgeni akijikwaa mimi nasema "sorry", yaani pole, yeye ananishangaa, "why, you didn't push me". Jingine lilinipa tabu sana ni lile la maswali ya kukana. Namuuliza "you don't have a headache?" anajibu "no". Kwetu ukimuuliza mtu huumwi kichwa akasema hapana, maana yake hapana bwana, kinaniuma. Yeye anamaanisha hakimuumi. Na kule juu kichwa siyo mchezo, kinaweza kuwa ndo mwanzo wa mtu kuzidiwa. Nikaona isiwe shida, nikaacha kabisa swali lile, nikawa nauliza "how is your head?" basi, atasema mwenyewe. Kuna maswali na sentensi za kukwepa mwanangu, siyo woga.

Lakini kubwa kuliko yote, na hili sijawahi kukwambia, ni la saa. Guide mkuu alishuka na mgeni mgonjwa, akaniachia watu wanne Kibo, mara yangu ya kwanza kutoa maelezo ya kupanda kileleni peke yangu. Nikasimama nikajikaza nikasema vizuri kabisa, "tea at five, we start at six." Wakaitikia, wakalala. Mimi kichwani ni saa tano usiku chai, saa sita usiku tunaondoka, si ndo muda wa kuanza kupanda. Saa tano nikagonga mlango na chai. Walinitazama kama mwizi! Mmoja ananionyesha saa yake, eleven, ananiambia umesema five. Nguo hawajapanga, tochi hazina betri, maji hayajachemshwa. Tuliondoka karibu saa nane, jua likatukuta njiani hata Gilman's, pale ukingoni juu kabla ya kilele, hatujafika, kile kichangarawe kikaanza kulegea, hatua mbili mbele moja nyuma, na wawili waliishia hapo Gilman's, kilele chenyewe cha Uhuru wakakiona kwa mbali. Nililia nikishuka. Hawakunisema vibaya, mmoja alinipa hata soksi, ila mimi nilijua.

Na safari iliyofuata, baada ya siku nne tu, nikasimama tena pale pale nikatoa maelezo. Sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa na watoto wawili wa kulisha na wewe ulikuwa tumboni. Ila safari hii nilichukua saa ya mgeni mmoja, nikaonyesha mshale kwa kidole, "here tea, here go."

Kwa hiyo fanya hivi. Ile rekodi ya kikao si wanawatumia? Isikilize jikoni ukipika, chukua sentensi tano tu wanazozirudia rudia kuhusu kazi yenu, za watu, siyo za kitabu, uziseme kwa sauti mpaka jirani aulize. Mwaka huu usinunue kozi nyingine, hela hiyo nunua kiti kizuri, mgongo wako unalalamika. Na kikao kikianza sema kitu dakika tano za mwanzo, hata kama ni "good morning, can you hear me well?" ukisubiri sana mdomo unazidi kuwa mzito, mimi naujua uzito huo. Usiposikia waambie "sorry, say that again please", hiyo sentensi imenilisha miaka ishirini.

Mama yako anasema parachichi zimeiva, atampa dereva wa basi la Ijumaa, uende stendi mapema siyo mpaka zilainike. Na kikao chako kijacho umesema ni Alhamisi saa nne asubuhi. Kwao hiyo ni ten. Usije ukawaandikia four ukawafanya wale Waholanzi wakuje jioni.

Baba yako