Ngano fupi inagoma kuingia kwenye heda

SWALI: Habari za kazi fundi. Naendesha kombaini (mashine ya kuvuna) ya zamani, injini haina shida, tatizo ni heda, kile kichwa cha mbele kinachokata. Ngano ikiwa fupi masuke yanakatwa halafu yanakaa palepale juu ya kisu, hayasogei, yakishajaa ndo yanaingia kwa mkupuo na mashine inaguna hadi naogopa, mengine yanadondokea chini mbele. Nimeambiwa niongeze spidi ya rili, lile gurudumu la mbao linalosukumia ngano kwenye kisu, nimeongeza ndo kwanza inapukutisha. Heda mpya siwezi. Kuna kitu naweza kutengeneza mwenyewe?

JIBU: Kipo ndugu yangu, ila kwanza rudisha hiyo spidi. Rili inatakiwa iizidi mwendo wa mashine kidogo tu, asilimia 10 hadi 25 hivi, ukipita hapo unakuwa unayachapa masuke fimbo. Shida yako ni kwamba ngano ndefu inajisukuma yenyewe, mabua ya nyuma yanayasukuma ya mbele mpaka kwenye oga, ile parafujo ndefu inayoyaingiza ndani, sasa fupi haina cha kuisukuma.

Dawa yake ni raba. Tafuta mkanda mpana wa mashine uliochakaa, ule wenye kitambaa ndani, sio tairi la gari maana lina nyaya za chuma na waya ukiingia kwenye kisu utanikumbuka. Kata vipande virefu, vifunge kwenye mbao za rili kwa bolti, juu ya raba weka flatibaa (chuma bapa) nyembamba ili bolti zisipasue, na raba ishuke mpaka ibaki kama sentimita 2 kufika kwenye kisu. Hapo inafagia kama ufagio. Kabla hujawasha, zungusha rili kwa mkono mzunguko mzima, rili ikiwa chini kabisa, uone kila kipande kinapita bila kugusa. Wengi wanaruka hapa halafu wanaokota raba shambani.

Halafu angalia upenyo kati ya oga na sakafu ya heda. Kwa nafaka ndogo milimita 10 hadi 15 inatosha, ukikuta vidole viwili vinapita hapo nyasi fupi zinalala tu chini ya oga, ishushe, hiyo haina gharama zaidi ya spana. Na kisu chenyewe, mwana wa kisu (kile kipande kidogo cha pembetatu kinachokata) asiye na makali anatafuna, hakati, badilisha hao kwanza kabla hujalaumu kitu kingine.

Utajuaje imesaidia? Simamisha mashine katikati ya kuvuna, irudishe nyuma mita chache, uhesabu punje zilizo chini kwenye mita moja ya mraba pale palipokatwa lakini mashine haijamwaga kitu kwa nyuma. Toa zile utakazohesabu chini kwenye ngano ambayo haijakatwa, zilizodondoka zenyewe, zinazobaki ni za heda. Kwa ngano ya kawaida punje 25 ni kama gramu 1, kwa hiyo ukikuta 100 unaacha kilo 40 kwa kila hekta, sio mchezo. Hesabu kabla ya raba na baada ya raba.

Ukitaka kuchomelea chochote kwenye heda chomoa betri, na kamba ya hasi ya mashine ya kuchomelea ibane karibu kabisa na unapochomelea, umeme ukipitia kwenye beringi unaila. Na usiingie chini ya heda kwa kuiamini haidroliki, weka kizuizi cha silinda kinachozuia heda isishuke, zima, funguo mfukoni.

SWALI: Fundi, kwenye alizeti vichwa vinadondoka kabla havijafika ndani, nifanyeje?

JIBU: Tengeneza trei za bati ndefu zinazotangulia mbele ya kisu, zipange ubavu kwa ubavu, kati ya trei na trei acha nafasi ya shina kupita ila kichwa kisipite. Kingo za mbele zikunje kwa ndani zisishike mashina. Punje zinazopukutika zinaangukia kwenye trei badala ya ardhini, na mashine ikitembea zinateleza zenyewe kuingia ndani. Zile mbao za rili punguza, kwa alizeti ukiacha zote zinarusha vichwa nje.