Shangazi, tumehamishwa tena na kazi yangu haihamishiki

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mke wa mwanajeshi, tunaishi Lanet hapa Nakuru na tuna watoto wawili. Nafundisha chekechea ya umma kwa kandarasi ya kaunti, imebaki mwaka mmoja. Wiki iliyopita baba watoto aliniambia amepata uhamisho, tuwe tumefika ______ kufikia mwezi wa ______. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilifunga saluni, ya pili nikaacha shule ya kibinafsi iliyokuwa karibu kunipandisha cheo. Kaunti inasema haiwezi kunipeleka kaunti nyingine. Jioni huwa namsaidia mwenye hadiwea pale Pipeline kuandika mauzo na kujibu wateja wake kwa WhatsApp, hunipa Sh4,000 kwa mwezi, lakini hiyo si kazi. Jirani yangu kwenye kota ananiuzia akaunti ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kwa Sh15,000, eti itajilipa kwa wiki mbili. Mume wangu anasema pesa za mtandao ni za matapeli na mshahara wake unatosha. Nimesoma pia kuwa wake wa wanajeshi kule Marekani hulipiwa masomo ya kazi za kufanyia nyumbani. Nifanye nini? Au nibaki Nakuru na watoto? – Mama wa Lanet*

Marahaba, mwanangu. Hayo mapengo mawili kwenye barua ni yangu. Wewe uliandika jina la kambi na mwezi wenyewe, mimi nikafuta. Tangu wanajeshi wetu walipoingia Somalia Oktoba 2011, habari za nani anahamia wapi na lini si za kuanikwa kama nguo. Likumbuke hilo utakapoanza kutafuta wateja mtandaoni: usiweke picha ya sare wala ya geti, na usiandike "mzee yuko mishini hadi Desemba". Mteja hana haja na hayo.

Nami nimewahi kupanda lori la jeshi. Marehemu mume wangu alikuwa Gilgil, tukahamishiwa Isiolo. Nilikuwa fundi wa nguo. Kichwa cha cherehani nilikifunga blanketi, nikakipakata njia nzima, na daftari la vipimo nikalitia kifuani: wanawake 32, kila mmoja na kiuno chake na urefu wa mkono wake. Cherehani ilifika bila mkwaruzo. Wateja walibaki Gilgil. Nilikaa miezi nikiipangusa vumbi tu. Isipokuwa mmoja, mwalimu, aliyenitumia kitambaa kwa basi, pesa ameikunja na kuishonea kwenye pindo ili makanga asiione. Nikashona kwa vipimo vya daftari, nikarudisha kwa basi lilelile. Tulifanya hivyo miaka minne bila kuonana. Wale 31 walikuwa wateja wa mtaa. Yule ndiye aliyekuwa mteja wangu.

Ndiyo maana swali la "kazi gani naweza kufanyia nyumbani" halinitoshi. Hata saluni hufanyiwa nyumbani. Jiulize mteja atajali nini siku ukihama.

Wa chekechea atajali, na afisa wa kaunti usimnunie bure. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, kila moja huajiri wake, na wauguzi wanaimba wimbo huohuo tangu afya igatuliwe 2013. Usajili wako wa TSC, tume ya walimu, ni wa nchi nzima, uutunze, huenda kaunti mpya ikatangaza nafasi. Huko Marekani unakokusoma nako leseni ya ualimu ya jimbo moja mara nyingi ilikuwa haisomeki jimbo jingine, hadi sheria ya Januari 2023 ilipowafungulia njia wanajeshi na wake zao. Na huo ufadhili uliousoma nadhani ni MyCAA, unaofika dola 4,000. Ni wa Wizara yao ya Ulinzi, kwa wake na waume wa wanajeshi wao. Mtu yeyote Nakuru akikuambia atakujazia fomu yake, shika mkoba wako vizuri.

Sasa jirani. Anachokuuzia ni jina la mtu mwingine. Akaunti ilifunguliwa kwa kitambulisho kisicho chako, malipo yanapitia huko kwanza, na siku mtandao utakapomtaka mwenye akaunti aonyeshe uso mbele ya kamera, Sh15,000 zimekwenda. Halafu kazi yenyewe ni kumwandikia mwanafunzi insha aende akaiwasilishe kama yake. Huko Uingereza sheria ya 2022 imeifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai. Vijana wetu wengi wenye digrii wamesomesha wadogo zao kwa pesa hizo na siwatemei mate, lakini wewe usiingie, tena kwa kulipa kiingilio.

Hata milango safi hufungwa bila hodi. Machi 2024 Remotasks, mtandao uliowalipa watu kufunza akili unde, uliifungia Kenya, na waliokuwa wakiutegemea wakabaki wanabonyeza tu. Ukitaka kujaribu kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa au kazi kama hizo, anzia Ajira Digital, mpango wa serikali unaofundisha bila malipo. Ukiombwa ada ya kujiandikisha, jua umepotea njia. Ila mimi ningeanzia kwingine.

Ningeanzia kwenye ile sentensi uliyoiandika mbiombio: "hiyo si kazi". Nimeirudia mara tatu. Mtu anauza saruji na mabati Pipeline, anaye mtu asiye ndugu yake, anamwachia hesabu zake na simu za wateja wake, naye anaona ni sawa. Unajua ni wafanyabiashara wangapi wanamtafuta mtu kama huyo? Tangu 1 Januari 2024 KRA, wale wa ushuru, haitambui gharama nyingi za biashara zisizokuwa na ankara ya eTIMS, yaani ankara yao ya kielektroniki. Mkandarasi akichukua mifuko 40 ya saruji hataki kile kirisiti cha kaboni, anataka eTIMS. Mwenye duka akiwa na wafanyakazi, PAYE, kodi ya mishahara yao, ifike kufikia tarehe 9. Akiwa kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, marejesho ni kufikia tarehe 20. Tarehe hizo huwatoa jasho watu wanaobeba magunia bila kuhema. Na kazi yote hiyo ni simu na kipakatalishi. Anapiga picha kurasa za daftari akifunga duka, anakutumia, unaingiza kwenye jedwali watoto wakishalala, na tarehe 6 unamkumbusha ya tarehe 9. Ukiwa Lanet au ukiwa pale nilipopafuta, kwake ni mamoja.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya lori kuja. Mwambie mwenye hadiwea unahama lakini hesabu zake haziendi popote. Kisha kaeni mwezi mzima kama umeshahama, usikanyage dukani hata ukipita na matatu mlangoni. Mtaona panapovuja: pengine picha zake zina kiza, pengine kijana wa kaunta anaandika misumari kwa jina la utani. Ukiwa Lanet utapanda gari ukarekebishe. Ukishafika huko mbali, mwanya huohuo utakula mteja. Mwezi ukipita salama, muombe akutambulishe kwa wenzake wawili. Watatu wanatosha kuanzia.

Sh4,000 ni pesa ya asante. Weka bei ya kila duka kulingana na wingi wa kazi, umpelekee ankara kila mwezi. Andikianeni karatasi moja inayosema nani anashika nywila ya iTax, tovuti ya KRA ya kulipia ushuru, na nini hutakigusa. Namba ya siri ya M-Pesa yake usiijue kabisa, hata akikulazimisha. Usijiite wakala wa ushuru, hao huidhinishwa na KRA. Wewe ni karani wa vitabu, na ukitaka cheti kuna ATD, kile cha ufundi wa uhasibu cha bodi ya mitihani ya KASNEB, ambacho Lamu wanakisoma kama Nakuru. Marejesho yako mwenyewe ni kufikia 30 Juni, usije ukawajazia wenzako ukasahau PIN yako ya ushuru.

Faida nyingine ya wateja wa Nakuru ni saa. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au kumi na moja jioni kwetu, wakati watoto wanarudi na njaa na sufuria bado haijainjikwa. Mwenye hadiwea analala unapolala.

Mume wako usishindane naye kuhusu matapeli, yuko nusu sahihi. Mwambie umeikataa akaunti ya jirani, halafu umuonyeshe ankara ya kwanza. Umpe na kazi: aulize mapema kama kota mpya inaruhusu kuvuta intaneti ya waya na kufanya shughuli kama hii, na ni laini gani inashika vizuri. Nikiwa wewe ningenunua ruta ndogo ya laini ya simu, kwa sababu waya huuacha ukutani. Mikutano ya MWAK, chama cha wake wa wanajeshi, nayo usiidharau. Wake wenzako nao wana biashara, na hesabu zao pengine ziko kwenye sanduku la viatu.

Kubaki Nakuru? Mtoto akiwa Gredi ya 6 au ya 9, ngojeni mtihani uishe. Kama sivyo, nisingeigawa nyumba kwa kandarasi iliyobakisha mwaka.

Nenda Pipeline Jumamosi jioni, akishafunga hesabu, na daftari uwe nalo mkononi. Ukimwendea asubuhi saruji ikishushwa atakuitikia ndiyo bila kusikia neno.