Mbona ruta yetu inaruka njia ya karibu?

SWALI: Tuna ruta tatu zinazotumia OSPF (itifaki ambayo ruta huelezana njia). Ruta C imeunganishwa na A kwa faiba ya Gbps 1, gharama 10, na imeunganishwa na B kwa redio ya Mbps 100, gharama 100. A na B kila moja ina laini yake ya intaneti na inatangaza 0.0.0.0/0, yaani njia ya kwenda kokote kusikojulikana. A ina metriki (alama ya njia, ndogo ndiyo bora) 20, B ina 10. Kwa nini C inapeleka kila kitu B?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa sababu gharama ya faiba yenu haihesabiwi kabisa. Njia ya nje, kama hiyo ya intaneti, ikiingizwa kwenye OSPF hupewa aina, E1 au E2, na usipotaja, ruta za Cisco huweka E2. Kwa E2, C inalinganisha metriki zilizotangazwa tu, na 10 ni ndogo kuliko 20. Hata B ingekuwa nyuma ya redio tano, ingeshinda. Thibitisha kwenye C kwa `show ip ospf database external 0.0.0.0`, matangazo yote mawili yataonekana, kila moja na aina na metriki yake.

Umbali, yaani gharama ya kuifikia ruta inayotangaza, huangaliwa metriki za E2 zikilingana. Mkiweka 20 pande zote, C itahamia A, na `show ip route 0.0.0.0` itaonyesha `forward metric 10`.

E1 hujumlisha umbali na metriki: A ni 20+10=30, B ni 10+100=110. Ndani ya `router ospf 1` kwenye A andika `default-information originate metric 20 metric-type 1`, kisha B vivyo hivyo kwa metriki yake. Msiishie kwenye B peke yake! E1 huishinda E2 daima, hata jumla yake ikiwa 5000, kwa hiyo C itabaki palepale na mtadhani amri haikufanya kazi.

Hakikisheni pia `auto-cost reference-bandwidth 10000` (Mbps zinazogawanywa kwa kasi ya kiungo kupata gharama) iko kwenye ruta zote tatu. Kwa thamani ya awali, 100, faiba na redio yenu zote zinapata gharama 1, na hapo E1 ingeichagua B: 11 dhidi ya 21.

Kama laini ya A ni ya akiba tu, bakini na E2 mlivyo. Ndiyo kazi yake. E1 inafaa kila ruta ikitakiwa kutokea mlango wa karibu.

Msiongeze neno `always`. Likiwepo, A itaendelea kujitangaza hata ikipoteza njia yake ya intaneti, na pakiti za C zitaishia hapo. Lakini kuliacha hakutoshi mkitumia njia tuli (iliyoandikwa kwa mkono): mtandao ukikatika mbele ya modemu, kebo ya A bado iko hai na njia inabaki kwenye jedwali. Ifungeni kwa `ip sla` na `track`, ili ping zikikosa majibu njia iondoke na C ihamie B.