Gari la spoti linazima mwendoni bila ratiba: tazama mshale wa rpm kabla hujanunua kifaa kingine

Mkuu, nimekuelewa hivi: gari la milango miwili, gia za mkono, linazima lenyewe barabarani likishapata moto, ukikaa kando kidogo linawaka kama halikuwa na shida, na mashine ya kupimia haitoi msimbo wowote wa hitilafu. Umeshabadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta. Sasa fundi anataka kompyuta ya injini. Mwambie asubiri. Kompyuta huharibika, ila ni ya mwisho kabisa kushukiwa, na hao waliokuuzia vifaa vitatu hawakupima chochote, walikuwa wanabahatisha kwa hela yako.

Nimekaa na gari la namna hiyo, silinda sita, linasukuma nyuma. Kilichonitoa ni kuacha kuuliza "kifaa gani kimekufa" na kuanza kutazama injini inakufaje. Sekunde moja ile ya kuzima inasema mengi kuliko saa nzima gereji, kwa sababu likifika gereji limeshapona.

Weka simu kwenye kishikio, kamera ielekee dashibodi, irekodi kila unapotoka. Likizima, rudi uangalie mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Ukiwa gia ya tatu na klachi umeachia, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini hata kama haichomi mafuta tena. Kwa hiyo mshale ulitakiwa ubaki juu na kushuka taratibu pamoja na mwendo. Kama umeanguka sifuri papo hapo huku gari bado linakimbia, maana yake kompyuta haioni injini ikizunguka. Hapo ama taarifa ya sensa ya kranki (kifaa kinachoiambia kompyuta kwamba shafti kuu ya injini inazunguka) imekatika, ama kompyuta yenyewe imekosa umeme. Kama mshale umeshuka na mwendo, injini ikajikwaajikwaa na eksileta ikawa haina nguvu, tafuta upande wa mafuta. Kwenye gari la otomatiki kipimo hiki hakina nguvu sana, maana injini husimama mapema.

La kwangu mshale ulikuwa unadondoka sifuri. Taa za dashibodi zilibaki zinawaka kama kawaida, redio inaimba, ila rpm hakuna.

Sensa ya kranki kwenye magari mengi ya zamani kidogo ni koili ya waya mwembamba sana iliyozungushiwa kwenye sumaku, ikisoma gurudumu la meno. Mfumo unaotumika sana una nafasi za meno 60, mawili yameachwa wazi, ili kompyuta ijue kranki iko wapi. Waya huo ukipata ufa, joto linautanua na mkondo unakatika. Ukipoa, ncha zinagusana tena. Ndiyo maana kusubiri kunaliponya gari. Na usishangae kukosa msimbo: kuna kompyuta ambazo mzunguko ukipotea ghafla zinachukulia kwamba dereva amezima mwenyewe. Zile zinazoelewa zitaandika P0335, msimbo wa sensa ya kranki.

Kupima ni rahisi ukiwahi. Gari likiwa limezima na bado lina moto, chomeka mashine, fungua data za moja kwa moja, kisha piga stata huku unaangalia rpm. Stata ikizungusha injini na mashine inaonyesha 0, umempata mhalifu au waya wake. Mimi nilimwagia sensa maji kidogo ya baridi, hiyo sensa tu, mbali na bomba la moshi, likawaka palepale. Kupima ukinzani kwa maltimita gari likiwa limepoa hakusaidii sana. Sensa mbovu inasoma vizuri tu ikipoa. Kama sensa yako ina waya tatu, kuna uwezekano mkubwa ni ya aina ya Hall, yenye saketi ya kielektroniki ndani, hiyo haipimwi kwa ukinzani kabisa. Na kabla ya kununua mpya, fuatilia waya wake mpaka kwenye soketi. Kwenye magari haya nafasi chini ya boneti ni finyu, waya hupita karibu na ekzosti, ganda linakauka na kupasuka.

Nilibadilisha sensa, ugonjwa ule ukaisha. Halafu gari likazima tena! Safari hii kwenye kona ndefu ya kulia, na video ikaonyesha kitu tofauti: mshale ulishuka na mwendo, injini ikakohoa kabla ya kukata. Huo ulikuwa ugonjwa wa pili, na kwa muda mrefu magonjwa hayo mawili yalikuwa yanatibiwa kama mmoja. Tangi lilikuwa chini ya robo. Kwenye kona kali mafuta yanakimbilia upande mmoja, na kama kikombe kinachoizunguka pampu kimelegea au valvu yake ndogo haishiki, pampu inavuta hewa. Jaza tangi, rudia kona ileile kwa mwendo uleule wa halali. Likiacha kuzima, fungua tangi uangalie kikombe. Wanaoendesha kwenye viwanja vya mbio hufunga tangi dogo la akiba kati ya pampu na injini kwa sababu hiyohiyo.

Kama ni mafuta lakini kona haihusiki, pima presha gari likiwa linatembea, siyo likiwa limesimama sailensa, yaani injini inanguruma bila eksileta kukanyagwa. Mifumo ya kawaida inayopuliza mafuta kwenye manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, hukaa kama bar 3 hadi 4. Geji iwe na mpira mrefu, ibaki nje ya kioo cha mbele. Usiingize mafuta ndani ya gari hata kwa mzaha. Injini yenye kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, upande wa presha kubwa usiuguse, mle kuna bar zinazozidi 100. Soma kwa mashine tu. Pia likizima, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Likivuta hewa kwa nguvu, njia ya kupumulia tangi imeziba.

Dashibodi nzima ikizima pamoja na injini, achana na sensa zote. Angalia tamino za betri, waya wa ethi kati ya injini na bodi, relei kuu, na swichi ya ufunguo. Ethi ipime kwa volti wakati stata inazungusha: kutoka bloku ya injini hadi tamino hasi, ukiona zaidi ya kama volti 0.2 hapo pana uchafu au kutu. Relei gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi injini ikiwa inanguruma; lehemu iliyopasuka ndani itajitaja yenyewe. Swichi ya ufunguo msiidharau. Mwaka 2014 kampuni ya Marekani ya General Motors iliyaita magari takriban milioni 2.6 yarudi kurekebishwa kwa sababu swichi iliweza kuteleza kutoka mahali pake, injini ikazima na mifuko ya hewa ikakosa kufanya kazi. Pontiac Solstice na Saturn Sky, magari ya spoti ya viti viwili, yalikuwamo. Kwa hiyo mzigo wa funguo kumi na kidoli cha chuma, utoe.

Likizima pale tu unapoachia eksileta na kukanyaga klachi ukikaribia kusimama, hiyo ni habari nyingine: throto bodi (mlango wa hewa ya injini) chafu, hewa inayovuja baada ya sensa ya hewa, au sailensa iliyopotea baada ya betri kutolewa. Na kama lina tabo na mtu amekufungia ile valvu inayotema hewa nje kwa mlio wa "pshhh", nimeshajua. Sensa ya hewa ilishaihesabu hewa ile, kompyuta ikaipangia mafuta, halafu wewe umeitupa nje. Mafuta yanazidi, injini inasongwa. Rudisha valvu ya kiwandani inayorudisha hewa kwenye bomba, utakosa mlio, gari litatulia.

Kuhusu usalama: likizima mwendoni usukani unakuwa mzito, lakini unageuka. Breki bado zina msaada wa kukanyaga mara chache, kwa hiyo kanyaga mara moja uishikilie, usipampu. Ufunguo usiurudishe mpaka mwisho, stelingi itajifunga.

Kwako, kwa hiyo dalili ya joto na kupona likipoa, ningeanza na sensa ya kranki na waya wake. Ila nitajie kwanza mshale ulifanya nini, taa za dashibodi zilibaki au zilizima, na tangi lilikuwa na kiasi gani.