Mwalimu Mstaafu Anajibu: Waliobeba maji nao wasomwe majina

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa siku ya taaluma na shukrani katika shule yetu ya kutwa, huku Newala vijijini. Matokeo ya Kidato cha Nne safari hii yametufurahisha: sifuri zimepungua, Daraja la Kwanza wamo wasichana kwa wavulana, na boma la maabara ambalo wanakijiji waliliinua wenyewe sasa limepauliwa. Ila kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka vyeti vya shukrani wapewe wadau waliotoa fedha peke yao. Wapo wanaotaka kila mzazi alipe shilingi elfu tano za chakula na maturubai, na asiyelipa mwanawe arudishwe nyumbani. Risala nayo imeshaandikwa, kurasa tano, lakini nikiisoma naona kama ya shule nyingine. Tufanyeje?
Katibu wa Kamati, Newala

JIBU: Marahaba, Katibu. Hongereni sana, walimu, wanafunzi na wazazi.

Nianze na hilo boma, maana ndilo lililonigusa. Mtu asiyeijua Newala hawezi kuelewa kujenga maabara huko juu ni kazi ya namna gani. Mchanga upo tele. Maji ndiyo shida. Uwanda wa Makonde hunyonya mvua yote, na kwa miaka mingi watu wa huko wameishi kwa kukinga maji ya bati au kuteremka bondeni na kuupanda mlima na ndoo kichwani. Tofali halifyatuliwi bila maji, zege halikorogwi bila maji, na ukuta mpya wa saruji usipomwagiwa maji siku za mwanzo hupasuka. Maji ya maabara yenu yalifikaje pale? Sina haja ya kuuliza sana. Nilipokuwa kazini tulijenga madarasa kwa njia hiyo hiyo: kina mama wanafika kabla fundi hajashika mwiko, wamefuatana mstari mmoja, kila ndoo ina majani yanayoelea juu ili maji yasimwagike njiani. Wanamimina kwenye pipa, wanageuka, wanarudi tena bondeni. Kwenye daftari la michango la shule hawakuwa na mstari hata mmoja, kwa sababu daftari lilikuwa na safu ya fedha tu.

Kwa hiyo, aliyetoa bati apewe cheti chake kwa heshima zote, anastahili. Lakini waiteni wenyeviti wa vitongoji wiki hii, wakae na mwandishi mwenye kalamu, wataje majina ya waliobeba maji, waliosomba mchanga na mawe, waliofyatua tofali, aliyelala na mifuko ya saruji isiibiwe, na familia zilizowapokea wasichana wanaotoka mbali ili wasitembee usiku wakati wa kambi ya Kidato cha Nne. Majina hayo yasomwe, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na kazi aliyoifanya kila mmoja. Itachukua muda. Uchukue tu. "Tunawashukuru wananchi wote kwa ushirikiano wao" ni maneno ambayo kila mtu huyasikia na hakuna anayejua kwamba ametajwa yeye.

Na jambo moja nakuomba kwa msisitizo. Kina mama hao hao msiwape sufuria siku hiyo. Nimeona shughuli nyingi ambazo mama anaitwa jina lake kwenye kipaza sauti naye yuko nyuma ya jengo, macho mekundu kwa moshi, anapakua wali wa meza kuu. Wapike vijana waliohitimu, wapike baba zao, au pawe na chai na mihogo ya kuchemsha tu. Mama akae kwenye kiti, mbele.

Hapo ndipo suala la elfu tano linapokuja. Serikali iliondoa ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo huo ukaeleza wazi nani anawajibika kwa lipi. Mchango ni wa hiari na una utaratibu wake wa kibali. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango hairuhusiwi. Hata kama sheria isingekuwapo, mnamwitaje mtu aje ashukuriwe halafu mnamtoza kiingilio? Maturubai si lazima, kaeni chini ya mikorosho.

Risala. Umesema inafanana na ya shule nyingine, na nadhani najua kwa nini. Huku kwetu tunapenda kuanza na Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda akafika Ikulu mwaka 1995. Ni fahari yetu, nami namtaja. Kisha hufuata ukurasa wa pongezi kwa viongozi, kisha orodha ya maombi kwa mgeni rasmi: uzio, gari, kompyuta. Watoto wenyewe hupata aya moja. Igeuzeni. Kurasa mbili zinatosha, na ya kwanza iwe ya wanafunzi.

Matokeo yasomwe kwa namna ambayo mzazi asiyesoma ataelewa. Kidato cha Nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne, na 34 na 35 ni sifuri. Sasa tazama Daraja la Nne lilivyo pana. Mwenye D saba ana pointi 28. Mwenye D mbili na F tano ana 33. Wote mtawaita "Four" na kuwafunga kapu moja, ilhali mmoja amefaulu masomo yote saba na mwenzake mawili. Mkisoma madaraja tu mtamwonea wa kwanza.

Chukueni pia matokeo ya kundi hilo hilo walipokuwa Kidato cha Pili, myaweke kando ya haya ya sasa. Aliyekuwa mkiani akapanda hadi katikati apewe kaunta buku na kalamu jukwaani kama anavyopewa aliyeongoza tangu mwanzo. Mwalimu ambaye somo lake limepanda kuliko mengine atajwe na somo lake. Halafu, Katibu, msiogope hesabu hii: walioanza Kidato cha Kwanza ni wangapi, na walioketi kwenye mtihani ni wangapi? Waliopungua wako wapi? Wengine walikwenda pwani, wengine waliozwa, wengine walipata mimba. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, na wapo wazazi hapo hawajaliamini hilo hadi leo. Lisemeni wazi siku hiyo, bila kumtaja binti yeyote kwa jina. Mkisoma ufaulu wa waliobaki na kunyamaza juu ya walioondoka, furaha yenu itakuwa na tundu, na wazazi wa walioondoka watakuwa wamekaa pale pale wanawasikiliza.

Kuhusu siku, Oktoba na Novemba watu wanaokota korosho na macho yako kwenye minada. Januari matokeo yanapotoka, mvua zimeshika na kila mtu yuko na jembe. Juni shule zikifungwa jando na unyago huanza. Mimi ningechagua Jumamosi ya mwishoni mwa Mei, saa tatu asubuhi, na saa tatu ikifika muanze, mgeni rasmi awe amefika au hajafika. Tena mgeni rasmi awe mhitimu wenu, muuguzi wa zahanati au fundi umeme aliyekalia madawati hayo hayo. Watoto wataweza kumuuliza maswali.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Lindi mjini. Binti yangu amepata Daraja la Nne, pointi 28. Shule yao ina sherehe ya mafanikio, naye amejifungia chumbani, hataki kwenda. Nimlazimishe?
Mama wa Lindi

JIBU: Usimlazimishe, mama. Keti naye kwanza na karatasi ya matokeo mkononi, mhesabu alama moja moja. Kwa pointi 28 nafasi ya Kidato cha Tano hana, maana huko wanataka C tatu na pointi zisizozidi 25. Lakini vyuo vya kati, ngazi ya astashahada, huanzia na D nne, somo la dini halihesabiwi. Kozi nyingi za afya zinataka ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa hiyo angalieni hizo tatu kabla ya nyingine. VETA, chuo cha ufundi stadi, wapo hapo hapo Lindi. Akitaka kurudia mtihani, atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na usajili huo hufanyika mapema mwaka, ulizieni sasa.

Sherehe, nenda wewe hata yeye asipokwenda. Umemlisha na kumsomesha miaka minne, una kiti chako pale. Ukifika, mtafute mwalimu wake wa taaluma umuulize chuo gani kinamfaa, na urudi nyumbani na jina la chuo.