Mwizi wa makaburi ameiba nini?

SWALI: Natafsiri maelezo kuhusu vyuma vizito vilivyofunika makaburi huko Uskoti, karne ya 19, kuwazuia wezi wa makaburi. Kwa Kiingereza huitwa "mortsafe", nami nimeviita "sefu za maiti". Ni sawa?

JIBU: Sefu nitaifikia. Kwanza hao "wezi wa makaburi", maana wamenichosha miaka mingi, magazetini na redioni. Mwizi wa kuku huondoka na kuku. Mwizi wa ng'ombe huondoka na ng'ombe. Mwizi wa makaburi je, amejitwika kaburi begani, shimo na udongo wake? Hiyo "wa" inataja kilichoibwa. Ukitaka mahali, tia -ni. Anayekupapasa ndani ya daladala ni mwizi wa mifukoni. Mwizi wa mifuko ni yule aliyevunja ghala usiku akabeba saruji. Herufi mbili tu, na kesi mbili mbalimbali! Mtoto wa sokoni hakosei hapo. Wanaokosea ni sisi tuliosoma.

Basi andika wezi wa makaburini, au, bora zaidi, wezi wa maiti, kwa sababu mwili ndio waliouza kwa walimu wa anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, waupasue. Na tafadhali usiwachanganye na Burke na Hare wa Edinburgh. Hao mwaka 1828 waliua watu 16 na kuuza miili yao kwa mmoja wa walimu hao, Dkt. Robert Knox, bila kufukua kaburi hata moja. Waite wauaji. Sheria ya 1832, iliyowaruhusu madaktari kupata maiti zisizo na wa kuzidai, ndiyo iliyoiua biashara ya wafukuaji.

Sasa sefu. "Maiti" ni Kiarabu, kama "kaburi", na sina neno nayo. Lakini sefu huhifadhi mali ikae. Chuma kile kiliwekwa juu ya jeneza majuma kadhaa tu, hadi mwili uoze usimfae mpasuaji. Kisha mara nyingi kiliondolewa, kikapelekwa kwa marehemu mwingine. Vingine bado vipo uwanja wa makaburi wa Greyfriars, Edinburgh: fito za chuma zilizopitana juu ya kaburi. Ukiviona utasema kizimba, na hilo ndilo jina ninalokupa: kizimba cha kaburi. Utaniambia kizimba humzuia aliye ndani. Muulize mfugaji yeyote: jioni hafungi kizimba kwa kuwahofia kuku, anamhofia kicheche.